Namna ya Kupima Pendekezo la Kugharimia Huduma za Afya: Kodi, Bima au Mfuko wa Mgonjwa

Kila mara suala la bima ya afya linapofika bungeni, mazungumzo ya mitaani hugawanyika pande mbili. Wapo wanaosema serikali ilipe kila kitu kama ilivyokuwa zamani, na wapo wanaosema sekta binafsi iachiwe kazi hiyo kwa kuwa serikali imeelemewa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mjumbe wa kamati ya zahanati, diwani, mwalimu wa uraia na mwananchi yeyote anayetaka kutoa maoni yenye uzito pale anapoletewa pendekezo la kubadili namna matibabu yanavyolipiwa. Mifano mingi ni ya Tanzania Bara, ambako nimekaa kwa miaka kadhaa katika kamati ya usimamizi wa zahanati ya kijiji, lakini nimechukua pia ya Kenya, Lesotho na Uingereza pale inapofundisha jambo ambalo sisi hatujalipitia.

Kabla ya kuunga mkono au kupinga lolote, tenganisha maswali matatu ambayo wasemaji wengi huyachanganya: fedha inatoka mfukoni mwa nani, inakusanywa katika kapu lipi, na anayemtibu mgonjwa ni nani. Majibu ya maswali hayo si lazima yafanane. Hospitali ya Bugando jijini Mwanza ni mali ya Kanisa Katoliki. Ilitaifishwa mwaka 1972, ikarejeshwa kwa maaskofu mwaka 1985, na hadi leo watumishi wake wengi hulipwa mishahara na serikali, huku sehemu ya mapato yake ikitoka kwa wagonjwa wenye bima na wanaolipa taslimu. Je, hiyo ni hospitali ya umma au ya binafsi? Swali lenyewe halisaidii. Hata Uingereza, ambako Waziri wa Afya Aneurin Bevan alianzisha huduma ya taifa ya afya tarehe 5 Julai 1948 kwa fedha za kodi, madaktari wa familia walibaki watu waliojiajiri wenye mkataba na serikali. Basi msemaji akikuambia kuwa anataka "kubinafsisha" au "kurudisha serikalini", mwombe kwanza aseme ni lipi kati ya hayo matatu analotaka kulibadilisha.

Jambo la pili ni kujua tulikotoka, kwa sababu hoja nyingi husimama juu ya kumbukumbu nusu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilijenga zahanati na vituo vya afya vijijini na kutibu bila malipo, na mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali binafsi za biashara, zikabaki za serikali na za mashirika ya dini. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na kuporomoka kwa uchumi katika miaka ya 1980 kukaacha majengo yasiyo na dawa. Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena, na mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali kubwa kabla ya kushuka ngazi za chini. Kwa hiyo anayesema "zamani ilikuwa bure" anasema kweli, lakini amalizie sentensi: ilikuwa bure hadi pale kapu lilipokauka.

Sasa njoo kwenye hesabu ambayo naiona kuwa ndiyo moyo wa kazi hii, nayo ni hesabu ya siku ya kuugua. Chagua kaya tatu unazozifahamu: moja yenye mshahara, moja ya mkulima au mama lishe, na moja isiyo na kipato cha uhakika. Andika kila shilingi ambayo kaya hiyo ilitoa mara ya mwisho mtu wao alipougua: kumwona daktari, vipimo, dawa, kitanda, nauli ya bodaboda na basi, chakula cha anayemuuguza, na siku za kazi zilizopotea. Kisha uliza fedha hiyo ilitoka wapi. Ukisikia kuwa iliuzwa mbuzi, iliwekwa rehani simu au ilikopwa kwenye kikoba, umeshapata kipimo cha kwanza cha pendekezo lolote litakaloletwa mbele yako, yaani litapunguza kiasi gani kinachotolewa papo kwa papo na mtu aliyekwisha kuanguka kitandani. Malipo ya papo kwa papo ndiyo mabaya kuliko yote, yawe yanakwenda kwa serikali au kwa mfanyabiashara, kwa sababu humdai mgonjwa siku ile ile ambayo hana nguvu ya kutafuta.

Hapa pana jambo ambalo wasemaji wa pande zote mbili hulipita haraka, nalo ni misamaha. Sera yetu inasema kuwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma na UKIMWI watibiwe bila malipo. Ni sera njema na ninaitetea. Lakini msamaha usio na fedha nyuma yake ni deni lililoandikwa kwa jina la zahanati. Katika kamati yetu tulikuwa tukifungua daftari la misamaha kila robo mwaka na kuona jambo lile lile: kadiri zahanati ilivyotibu wajawazito na watoto wengi, ndivyo makusanyo yake yalivyopungua, na ndivyo oda iliyofuata ya dawa kutoka Bohari ya Dawa ilivyokuwa ndogo. Mwishowe mama mwenye haki ya kutibiwa bure anapewa cheti na kuelekezwa duka la dawa muhimu lililo ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyevunja sheria, na bado amelipa kila kitu. Kwa hiyo pendekezo linapotaja kundi litakalosamehewa, usitosheke na orodha ya makundi. Uliza ni fungu gani la fedha litakalorudisha kwa kituo gharama ya kila aliyesamehewa, litalipwa kila baada ya muda gani, na kwa hesabu ya wagonjwa wangapi. Pasipokuwa na jibu, andika kuwa mzigo huo utabebwa na mgonjwa.

Ukimaliza mfuko wa mgonjwa, chunguza kapu. Bima hufanya kazi pale wazima wanapowalipia wagonjwa na wenye nacho wanapowabeba wasio nacho, na hilo hutegemea ni nani analazimika kuingia. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, hukata asilimia 6 ya mshahara wa mtumishi wa umma, nusu ikitoka kwake na nusu kwa mwajiri. Humo hakuna hiari, na ndiyo sababu umedumu. Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga katikati ya miaka ya 1990 kwa ajili ya watu wa vijijini, uliachwa kuwa wa hiari. Hata ulipoboreshwa na mchango kuwekwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, wengi walijiunga pale tu walipoanza kuumwa, na wengine hawakujiunga kabisa kwa kuwa kadi haikuwafikisha kwenye dawa. Mwaka 2023 tuliona tatizo hilo hilo kwenye bima ya watoto: wazazi wengi waliwaandikisha watoto waliokwisha kuugua, gharama zikaupita mchango, na Mfuko ukasitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja na kuelekeza waandikishwe kupitia shule. Siwalaumu wazazi hao hata kidogo. Waliwekewa mlango unaoruhusu kuingia siku ya shida, nao wakaingia kupitia mlango huo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ilikuja kujibu kasoro hiyo kwa kutaka kila mkazi awe na bima na kwa kutenga vyanzo vya kodi, vikiwemo vinywaji vya kaboni, pombe na vipodozi, ili kuwalipia wasio na uwezo. Unapoisoma, au unaposoma kanuni zake, kipengele cha kuwekea alama ni namna mtu anavyotambuliwa kuwa hana uwezo. Orodha inayoandaliwa ofisini bila kusomwa kwenye mkutano wa kijiji huacha nje wajane na kuingiza wenye maduka. Angalia pia kama watumishi wa mshahara na watu wa vijijini watachanganywa katika kapu moja au watabaki kila mmoja na kapu lake, maana kapu la maskini watupu haliwezi kujilipia.

Kenya wamekwenda mbele yetu kidogo katika hili, na ni vyema kuwatazama kwa makini. Mfuko wao wa zamani, ulioanzishwa mwaka 1966, uliwakata waajiriwa kwa viwango visivyozidi shilingi 1,700 za Kenya kwa mwezi, hivyo mwenye mshahara mkubwa sana alilipa sawa na mwenye mshahara wa kati. Tangu Oktoba 2024, chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, mwajiriwa hulipa asilimia 2.75 ya mshahara wote bila kikomo cha juu, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa upande wa haki, hiyo ni hatua. Ugumu ulibaki kwa asiye na mshahara, ambaye kipato chake hukadiriwa kwa maswali ya dodoso na ambaye alitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Pendekezo lolote litakalokuja kwetu lipimwe kwa swali hilo: je, mchango unakusanywa kwa mwendo wa fedha za mlipaji? Mkulima wa korosho ana fedha katika msimu wa mnada, hana mwezi Machi.

Hatua inayochosha, lakini isiyo na mbadala, ni kusoma bajeti. Fedha za afya haziko mahali pamoja. Bajeti hugawanywa kwa mafungu yenye namba: Fungu 52 ni la Wizara ya Afya. Fungu 56 ni la Ofisi ya Rais, TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, na mishahara na fedha za hospitali za wilaya, vituo na zahanati zipo katika mafungu ya mikoa. Anayetaja Fungu 52 peke yake anakuonyesha pembe moja ya ng'ombe. Tofautisha fedha zilizoidhinishwa na zilizotolewa, kwa kuwa ni hizo za pili zinazonunua dawa. Na ukisikia lengo la asilimia 15 ambalo wakuu wa nchi za Afrika waliliafiki Abuja mwaka 2001, uliza kama malipo ya deni la taifa yamehesabiwa ndani ya bajeti au yametolewa nje, maana asilimia hubadilika sana kwa uamuzi huo mmoja. Mwisho, tenga fedha za wahisani. Mwezi Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, kliniki za VVU katika nchi nyingi za Afrika zilijikuta hazijui watumishi wao watalipwa na nani. Kilichogharimiwa na mhisani hakijagharimiwa na umma wetu wala na sekta yetu binafsi, na mpango wa miaka kumi usikihesabu kana kwamba ni chetu.

Pendekezo likihusu ubia wa kujenga au kuendesha hospitali, omba mkataba. Nchini Lesotho, serikali ilisaini mwaka 2008 mkataba wa miaka 18 na muungano wa kampuni ili kujenga na kuendesha hospitali kuu mpya mjini Maseru, iliyofunguliwa mwaka 2011. Matibabu yaliboreka kuliko katika hospitali kongwe ambayo nafasi yake ilichukuliwa na hiyo mpya, lakini malipo ya kila mwaka yakala sehemu kubwa ya bajeti ya afya ya nchi nzima, na mwaka 2021 mkataba ukavunjwa. Uingereza nayo ilijenga hospitali nyingi kwa mitaji binafsi kuanzia miaka ya 1990, ikaacha kusaini mikataba mipya ya aina hiyo mwaka 2018, na bado inalipia ile ya zamani. Kwa hiyo tafuta katika mkataba mambo haya: malipo yatapandaje bei za vitu zikipanda, nani anabeba hasara wagonjwa wakizidi au wakipungua makadirio, adhabu gani inampata mwekezaji huduma ikidorora, na jengo litakuwa la nani mwishoni. Ukiambiwa kuwa mkataba ni siri ya kibiashara, hilo peke yake linatosha kuzuia idhini yako, kwa kuwa mlipaji ni wewe.

Ukishapata majibu, andika maoni yako katika kurasa zisizozidi mbili: kaya zako tatu na walicholipa, pendekezo litakavyowagusa kila mmoja, na maswali ambayo hayajajibiwa. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu, na hapo maoni yako yanaweza kuingia kwenye muhtasari na kupelekwa kata. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na Bunge la bajeti hukaa kati ya Aprili na Juni, hivyo lililokusudiwa kuingia katika mpango wa afya wa halmashauri linapaswa kumfikia mganga mkuu wa wilaya miezi mingi kabla ya hapo. Peleka nakala mbili, na ile ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.