P2 ni ya dharura, na ina saa zake

Wadogo zangu wa vyuo hapa Dar, mlioko hosteli za Mabibo na mliopanga vyumba Sinza: kondomu ikipasuka, usingoje kesho. P2, yaani vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, inatakiwa imezwe ndani ya saa 72 baada ya tendo, na kadiri unavyochelewa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Soma boksi: vikiwa viwili vya miligramu 0.75, meza vyote kwa pamoja. Kikiwa kimoja cha 1.5, kinatosha. Ukitapika ndani ya saa 2, rudia dozi.

Inachofanya ni kuchelewesha yai kutoka. Mimba iliyokwisha kutunga haiitoi, kwa hiyo wanaoiita dawa ya kutoa mimba wanawatisha wenzao bure. Ila haikulindi kwa tendo la kesho yake, wala haizuii VVU. Na kama uko kwenye dozi ya kifua kikuu yenye rifampisini, mwambie mfamasia mapema, maana rifampisini inaidhoofisha P2.

Ukiona unainunua kila mwezi, nenda kituo cha afya cha serikali uulizie sindano, kipandikizi au kitanzi. Huduma hiyo ni bure, hata kama hujaolewa. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, pima mimba.