Kusoma mwenendo wa elektroni katika safu za nyaya nyembamba kwa nuru iliyotawanywa

Leza inapomulika sampuli, karibu nuru yote inayotawanywa hubaki na rangi ileile, lakini sehemu ndogo sana huacha au kuchukua nishati kidogo, na tofauti hiyo ndiyo hutueleza elektroni zinafanya nini. C. V. Raman na K. S. Krishnan waliiona nuru ya namna hii katika vimiminika mwaka 1928. Mwanafunzi wa fizikia wa Chiromo, hapa Nairobi, anaweza kujizoeza kabla hajapata nyaya zenyewe: apime kipande cha silikoni, ambacho mstari wake hutokea karibu na mawimbi 520 kwa kila sentimita, na kwa mstari huo arekebishe spektromita yake, yaani chombo kinachoitenganisha nuru kwa rangi zake.

Nyaya za galiamu asenidi, ambayo ni nusu-kipitishi kama silikoni, hupozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi kelvini 4 hivi. Chagua rangi ya leza iliyo karibu na pengo mojawapo la nishati la nyaya hizo, yaani nafasi kati ya viwango vya nishati vya elektroni, kwa kuwa bila mwafaka huo ishara ya elektroni huwa hafifu mno, kisha punguza nguvu ya leza ili usizipashe moto elektroni unazozichunguza. Kilele kikionekana, usikiamini bado. Badilisha kidogo rangi ya leza: kilele cha mtawanyiko huifuata kwa umbali uleule wa nishati, ilhali mng'ao wa kawaida wa sampuli hubaki mahali pake.

Kazi yenye utamu zaidi ni kugeuza sampuli. Nuru ikirudi ilikotoka, msukumo unaozifikia elektroni ni mara nne ya pai, gawanya kwa urefu wa wimbi, zidisha kwa saini (sine) ya pembe ya mwinamo wa sampuli. Kwa nanomita 780 na digrii 45 unapata takriban 0.0114 kwa kila nanomita. Msukumo ukielekea urefu wa nyaya, kilele cha plazmoni, yaani mtikisiko wa pamoja wa elektroni, husogea pembe inapoongezeka. Msukumo huo ukizipita nyaya kwa upande, kilele cha elektroni zilizobanwa karibu hakisogei, mradi nyaya hazikukaribiana mno.

Mwisho, zungusha polaraiza, yaani kichujio kinachopitisha nuru inayotikisika upande mmoja tu, iliyo mbele ya spektromita. Nuru inayoingia na inayotoka zikitikisika sambamba, utaona mwendo wa pamoja wa chaji. Zikipishana kwa digrii 90, utaona mwendo wa spini, yaani usumaku mdogo wa kila elektroni. Andika pembe zote mbili, ya sampuli na ya polaraiza, kando ya kila kipimo papo hapo, ungali mbele ya chombo.