Mzee mwenye dimensia akianza kuishiwa nguvu za miguu, fanya hivi

Wengi tunaijua dimensia kama kusahau tu, kwahiyo siku baba au mama anasimama katikati ya chumba na mguu haunyanyuki tunadhani ni uzembe au anadeka. Hapana jamani. Ubongo ndio unaopanga kila hatua, na ukishaumwa miguu inaweza kuwa bado na nguvu yake ila amri haifiki vizuri. Kwa Alzheimer, aina ya dimensia inayowapata wengi zaidi, mara nyingi haya yanakuja baadae, ila dimensia ya mishipa ya damu na ile ya Lewy (aina inayotokana na protini zinazojikusanya kwenye ubongo) zinaweza kuanza nayo mapema kabisa, hatua fupi fupi, anaburuza miguu, mwili umekakamaa.

Kwanza kabisa jiulize imeanza lini. Kama juzi alikuwa anatembea na leo hata kusimama hawezi, usiseme ugonjwa umepanda ukanyamaza, mpeleke hospitali, inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji, choo kigumu, dawa mpya, au alianguka nyonga ikavunjika bila mtu kuona na kueleza panapouma hawezi. Uso ukipinda au mkono ukilegea ghafla hapo inaweza kuwa kiharusi, usisubiri asubuhi.

Dawa nazo ziangalieni zote na daktari, hasa za usingizi, za presha, na zile za kutuliza fujo, manake kwa mwenye Lewy baadhi ya hizi za kutuliza zinaweza kumkakamaza vibaya sana. Usimkatishe mwenyewe tu.

Sasa kumsimamisha, hapa ndipo watu wanaumizana. Usimvute mikono, bega linateguka, na asikukamate shingoni. Msogeze mbele ya kiti, miguu irudi nyuma kidogo chini ya magoti, mwambie ainamie mbele, alafu ajisukume kwa mikono ya kiti huku wewe uko ubavuni umemshika kiunoni. Neno moja moja: "inama"... subiri... "simama". Ukimpa maneno matatu kwa pamoja anaganda, na ukipandisha sauti anaganda zaidi. Mpe muda, hata sekunde kumi za kimya sio nyingi kwake. Akitoka kitandani akae kwanza dakika moja mbili, presha ikishuka ghafla ataanguka.

Akiganda njiani usimsukume. Hesabu naye moja mbili moja mbili, au imba wimbo anaoupenda, au mwonyeshe mstari sakafuni auvuke. Inasaidia wengi, na mimi naona wimbo una nguvu kuliko maelezo yoyote.

Na tafadhali usimfanyie kila kitu. Najua ni haraka zaidi ukimbeba au ukimweka kwenye wilichea, ila misuli isiyotumika inaisha upesi sana kwa mzee. Kusimama na kukaa mara tano, mara chache kwa siku, kutembea hadi chooni kwa miguu yake, hayo nayo ni mazoezi. Mtu wa fiziotherapia (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) akikuonyesha mara moja unaendelea nyumbani.

Nyumbani ondoa vimkeka vinavyoteleza, na kile cheusi hasa, kwake kinaweza kuonekana shimo. Taa ya usiku njia ya chooni, viatu vilivyofunga kisigino, sio kandambili.

Akianguka usimnyanyue mbio. Muulize, mwangalie usoni anavyokunja, mguu mmoja ukionekana mfupi au umegeukia nje muache hapo hapo uite msaada. Akigonga kichwa na anatumia dawa za kuyeyusha damu ni hospitali hata kama anaongea vizuri.

Ikifika hatua ya kulala tu, mgeuze kila baada ya saa 2 hivi, kagua visigino na makalio kila siku ukiona wekundu usioondoka mwambie nesi mapema, na usimgeuze peke yako kama ni mzito, ita mtu wa pili.