Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujachagua Kusoma Mifumo ya Taarifa za Usimamizi

Soma mtaala wenyewe, usiishie kwenye jina la kozi. Chuo kimoja huiweka fani hii, ya kutumia kompyuta kupanga taarifa za kazi za kampuni, kitivo cha biashara, kingine upande wa kompyuta, na hapo ndipo utajua utakesha na uhasibu au na programu. Kama hamu yako ni kuunda mifumo endeshi kama Windows, nenda sayansi ya kompyuta.

Takwimu na uhasibu hutavikwepa. Anza mapema.

Jifunze SQL, lugha ya kuweka na kutafuta data kwenye hifadhidata, kabla hujaingia darasani. Msingi wake ni modeli ya uhusiano, yaani data kupangwa kwenye majedwali yanayounganishwa, aliyoitoa Edgar F. Codd wa kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 1970, na hadi leo mishahara, stoo na mauzo ya kampuni nyingi yamelala kwenye hifadhidata za namna hiyo. Usikariri amri tu, elewa kwa nini anwani ya mteja haiandikwi upya kwenye kila ankara.

Sasa hili lishike sana: jizoeze kukaa na watu na kuwauliza kazi yao. Nimeona kundi la mwaka wa mwisho, vijana hodari wa programu, wakitengeneza mfumo wa stoo. Waliongea na meneja, wakaenda kujifungia. Siku ya kuukabidhi, mama mtunza stoo akauliza: "Nikifungua katoni nikatoa chupa tano, naandika wapi?" Hapakuwa na pa kuandika. Mfumo ulijua katoni nzima tu, na kuurekebisha kulitaka majedwali yabomolewe hadi chini, huku siku ya kuwasilisha imeshafika. Mama wa watu akarudi kwenye daftari lake. Iliniuma, kwa sababu daftari hilo lilikuwa na safu mbili, katoni na chupa, na lilikuwa pale mezani muda wote. Kwa hiyo omba kuona daftari, fomu, hata yale yaliyoandikwa kwa kalamu pembeni ya risiti. Meneja peke yake hatoshi.

Nafasi ya mafunzo kwa vitendo itafute mapema, na uulize kama utagusa mfumo au utaishia kutoa fotokopi. Kompyuta usinunue kabla ya kujua chuo kinatumia programu gani. Kazi yako itunze zaidi ya sehemu moja, flashi hupotea. Kwenye kundi, andikeni nani anafanya nini. Taarifa za wateja ulizopewa kwa ajili ya mradi usizitembeze ovyo, na nywila usimwazime mtu, hata rafiki.