Kuandaa vibarua wa mahindi kabla lori halijaelekea Namanga

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu. Siku chache baadaye ikaruhusu tena kwa masharti: mzigo uwe na cheti, na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki tunalo tangu Julai 2010, lakini kinachopitisha lori mpakani Namanga ni kipimo. Nasimamia vibarua wa mavuno Kiteto, na nimeona mzigo unapita au unakwama kutokana na kazi ya mikono yao.

Hatua ya 1: Rekebisha malipo kwanza, mafunzo baadaye.
Zamani tulilipa kwa gunia lililopukuchuliwa. Anayelipwa hivyo atayapiga mahindi kwa fimbo bila kupumzika, punje zipasuke, na kuvu ipate pa kuingilia. Niliwalaumu watu bure. Malipo ndiyo yaliyowatuma. Sasa wanaoanika na kuchambua nawalipa kwa siku. Wa mashine ya kupukuchua bado ni kwa gunia, ila linahesabiwa likishakaguliwa. Kubalianeni ujira kabla ya siku ya kwanza, uandikwe, kila mmoja abaki na nakala. Kazi ya kawaida ni saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zikizidi, lipa saa za ziada.

Hatua ya 2: Teua wawili wafundishe wenzao.
Chagua walio makini, hata kama si wepesi. Waongezee ujira, maana hiyo ni kazi nyingine.

Hatua ya 3: Fundisha unyevu kwa chumvi.
Jaza mahindi theluthi ya chupa ya kioo iliyo kavu, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, kisha acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha mahindi juani. Isipoganda, msishangilie bado. Kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, na hapo lazima kipima unyevu. Kila kibarua atikise chupa kwa mkono wake. Aliyeiona chumvi ikiganda haniulizi tena kwa nini namrudisha kwenye turubai.

Hatua ya 4: Kuchambua, na makapi yaende wapi.
Ondoeni punje zilizovunjika, zilizooza na zilizobadilika rangi. Wengi huwagawia vibarua makapi hayo kama posho. Usifanye hivyo hata siku moja. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na huku kwetu Manyara, nao walikula mahindi ya nyumbani kwao. Makapi yasiende kwa kuku wala kwenye pombe. Yachomwe mbele ya wote. Kisha mpimie kila kibarua debe lake kutoka kwenye mahindi yaleyale yanayopakiwa kwenda Namanga.