Jinsi ya Kukusanya Tochi Bila Kuumiza Mfuko: Hatua kwa Hatua

Pesa ya tochi haiishii kwenye ile moja kubwa ya bei mbaya. Hiyo mtu huiwazia, huulizia, hulinganisha, na siku akiinunua anajua kwa nini kainunua. Pesa huyeyuka kwenye zile ndogo ndogo za "hii bei yake si kitu", ambazo zinafanana na ulizonazo kwa kila hali isipokuwa rangi ya mwili na namba iliyochapwa kwenye boksi. Mwongozo huu unahusu hizo. Sikuambii uache kukusanya. Mimi sijaacha na sina mpango huo. Nataka tu kila tochi inayoingia ndani iwe inaleta mwanga ambao huna.

Tafuta daftari au jedwali kwenye simu, ukuta mweupe, chumba kinachoweza kuwa giza totoro, mzani mdogo wa jikoni na kikokotoo.

Hatua ya 1: Zitoe zote, uziandike zote

Nikisema zote ni pamoja na ile ya ndani ya gari, ya kwenye begi, na ile uliyoisahau chini ya droo. Kila moja ipate mstari wake: jina, aina ya betri, ulinunua lini, na gharama yake yote mpaka ilipowaka mkononi mwako.

Hapo kwenye gharama ndipo watu hujidanganya. Tuseme bei ya tochi ni 100. Bado hujaweka usafirishaji, ushuru, betri, chaja kama ilitaka ya kwake, mfuko wa kiunoni, na kile kifuniko cha kutawanyia mwanga ulichokiongeza kwenye kapu ili ufikishe kiwango cha kusafirishiwa bure. Si ajabu 100 ikawa 150, na daftari liandike 150.

Safu ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote: "Inafanya nini ambacho nyingine haifanyi?" Jibu liwe sentensi moja. "Inamulika mbali kuliko zote." "Inakaa kwenye funguo." "Rangi zinaonekana kama mchana."

"Inapendeza" nalo ni jibu, ila liandike hivyo hivyo: pambo. Tochi nyingi hutolewa kwa alumini, kisha ile ile ikatolewa tena kwa shaba au titani kwa bei ya juu zaidi, mara nyingi kwa idadi ndogo ili ikutie haraka. Mwanga ni ule ule. Tena titani husafirisha joto vibaya kuliko alumini, kwa hiyo tochi ya titani hupashika na kupunguza mwanga mapema kuliko ndugu yake wa bei ya chini. Shaba hupitisha joto vizuri sana, lakini uzito wake ni zaidi ya mara tatu ya alumini, na mfukoni utaujua. Pambo si dhambi. Shida huanza pale unapolipitisha kwenye bajeti kwa jina la kifaa cha kazi.

Hatua ya 2: Jaribio la ukuta

Chukua tochi mbili ambazo safu ya mwisho imekupa majibu yanayokaribiana. Ziwashe kwenye kiwango kinacholingana, mwanga wa kati, umbali wa hatua moja kutoka ukutani. Angalia kitovu cha mwanga, kile kiduara kikali cha katikati, na jinsi kinavyofifia kuelekea pembeni. Kimoja huenda kina ukingo mkali, kingine kinayeyuka taratibu. Angalia rangi pia: zikiwa pamoja utashangaa, ile uliyodhani nyeupe ina ukijani, na nyingine ina umanjano kidogo. Kisha zimulike kwenye kiganja chako. Ngozi hufichua mengi ambayo ukuta mweupe huficha. Chini ya mwanga duni wekundu wa damu hupotea na mkono unafanana na wa maiti.

Sasa mwombe mtu asimame nyuma yako awashe moja baada ya nyingine bila kukwambia ni ipi, wewe ukitazama ukuta tu. Kama huwezi kuzitaja, basi kwa jicho lako hiyo ni tochi moja iliyonunuliwa mara mbili. Iwekee alama, tutairudia kwenye hatua ya mwisho. Kamera ya simu isiwe mwamuzi, maana inarekebisha mwanga na rangi yenyewe, na kila picha inakuja na uongo wake.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma boksi

Hatua hii peke yake itakuokolea pesa kuliko nyingine zote, kwa sababu tochi huuzwa kwa namba, na namba zina ujanja.

Anza na lumeni, yaani kiasi cha mwanga wote unaotoka. Jicho halihesabu kama kikokotoo. Ili mwanga uonekane umekuwa mkali maradufu, lumeni zinahitaji kuongezeka karibu mara nne. Kwa hiyo ukitoka lumeni 1,000 kwenda 1,200, umelipia kitu ambacho hutakiona. Hata 1,000 kwenda 2,000 ni tofauti ya "naam, imeongezeka", wala si ya kukufanya uruke. Kanuni yangu ni fupi: kama sababu ya kununua ni lumeni peke yake na hazifiki mara nne ya ulizonazo, funga ukurasa.

Halafu kuna joto. Tochi ya ukubwa wa kidole ikitoa lumeni elfu na zaidi haina mahali pa kulipeleka joto lake, hivyo ndani ya dakika moja au mbili hujipunguza yenyewe. Namba kubwa ya kwenye boksi ni ya hizo dakika za mwanzo. Kwa ANSI FL1, yaani kanuni za kupima tochi ambazo watengenezaji wengi huzifuata, lumeni hupimwa kati ya sekunde ya 30 na ya 120 tangu kuwashwa. Baada ya hapo yatakayotokea ni juu yako. Muda wa kuwaka nao hupimwa mpaka mwanga uporomoke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Maana yake "saa 3" za kwenye kiwango cha juu kabisa zinaweza kuwa dakika mbili za mwanga mkali na muda uliobaki wote wa mwanga wa kawaida. Tafuta mchoro unaoonyesha mwanga dhidi ya muda, uangalie ule mstari ulionyooka baada ya mporomoko. Tochi mbili za ukubwa mmoja, moja ikijisifu 1,200 na nyingine 2,000, mara nyingi hukutana hapo kwenye mstari, karibu sawa.

Kwa umbali, tazama kandela, yaani ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja. Hesabu ni hii: tafuta kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa 2, umepata mita. Kandela 10,000 ni mita 200. Kandela 40,000 ni mita 400. Ona kwamba ili umbali uongezeke maradufu kandela zimeongezeka mara nne, na bei nayo haikukaa kimya. Na hizo mita 400 ni mahali ambapo mwanga unaokifikia kitu umebaki laksi 0.25, kiasi cha mbalamwezi ya usiku mwangavu. Ukitaka kutambua kitu, gawa kwa mbili ndipo uamue.

Kitu ninacholipia bila kusita ni rangi. Tafuta namba ya usahihi wa rangi, ile ya Ra yenye kikomo cha 100. LED nyingi za kawaida zipo kwenye 70. Zile nzuri, kama Nichia 519A, hupita 90. Angalia pia kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga wenyewe: 6500 ni weupe wenye ubuluu, 2700 ni kama balbu ya zamani ya waya, na 4000 na kitu ni katikati. Tofauti ya 70 na 90 utaiona kila ukiwasha, wakati ile ya lumeni 200 hutaiona kamwe.

Hatua ya 4: Chagua ukubwa mmoja wa betri, mbili zikizidi

Kila aina mpya ya betri ni mlango mpya wa matumizi: betri zake, akiba yake, kiboksi chake, pengine na chaja yake. Ukibaki na 18650 (kipenyo milimita 18, urefu 65) au 21700 (milimita 21 kwa 70), betri nne nzuri zinatosha kulisha tochi kumi, kwa sababu hazitawaka zote usiku mmoja. Ongeza saizi ya AA kwa zile ndogo kama huna budi, basi.

Kabla ya kununua, uliza kama tochi inakubali betri ya kawaida. Zipo zinazotumia betri maalumu yenye ncha zote mbili upande mmoja, na betri hiyo ikichoka utainunua kwa aliyekuuzia tochi, kwa bei anayoitaka yeye.

Rahisi ya betri ni ghali. Betri ya 18650 iliyoandikwa 9,900 mAh (kiasi cha chaji inachobeba) ni ya uongo, sina haja ya kuipima; nyingi zilizo nzuri huishia karibu 3,500. Mzani wa jikoni ndio unaingia hapa: 18650 ya kweli ina gramu 45 hadi 50 hivi. Ukiiweka ikasoma 30, usiipe hata nafasi kwenye chaja, irudishe.

Tochi za kabati usiziache na betri za alkali ndani. Zikivuja, majimaji yake hula springi na migusano, na thamani ya tochi inakwenda nayo. Zile za lithiamu-ioni zitoe, zihifadhi zikiwa na chaji karibu nusu.

Hatua ya 5: Tenga fungu

Haina maneno mengi. Pesa ya tochi ikae mahali pake, mbali na ya matumizi, iingie kila mwezi kwa kiwango kile kile, na isipotumika irundikane. Nunua kilichomo tu. Usinunue kwa mkopo wala kwa malipo ya polepole; hakuna tochi ya dharura kwa mtu mwenye tochi kumi na mbili.

Hatua ya 6: Orodha ya kungoja

Tochi ikikuvutia, iandike na tarehe, bei yake ya siku hiyo, na lile jibu la safu ya mwisho. Iache siku 30. Nyingi zitakufa zenyewe humo, kwa sababu toleo jipya litakuwa limetoka na moyo umehama.

Bei uliyoiandika ina kazi ya pili. Misimu ya punguzo kama tarehe 11 Novemba na Black Friday ikifika, utajua kama punguzo ni la kweli au bei ilipandishwa kwanza. Kisichokuwepo kwenye orodha kabla ya ofa kutangazwa hakinunuliwi, hata kikishuka nusu. Betri ndizo nazisubirisha ofa kwa makusudi: tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafiri peke yake haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria, hivyo usafirishaji wake una masharti na mara nyingi ni ghali. Agiza kadhaa kwa mkupuo.

Hatua ya 7: Zitoe zile pacha

Rudi kwenye zile zenye alama. Katika kila jozi bakiza moja, nyingine iuze, na pesa irudi kwenye fungu lile lile. Uza mapema, maana tochi ya kawaida hushuka bei kila LED mpya inapotoka. Za toleo maalumu wakati mwingine hushikilia bei, ila kununua kwa kutegemea hilo ni kamari.

Boksi, klipu na ringi za mpira za akiba vitunze tangu siku ya kwanza. Kabla ya kupiga picha, futa zile nyuzi za kufungia kifuniko kwa kitambaa kikavu, paka grisi kidogo ya silikoni, na piga pia picha ya ukuta inayoonyesha mwanga wenyewe. Mikwaruzo ionyeshe kwa karibu, mnunuzi atakuamini zaidi. Kama inatumwa mbali, uza bila betri na useme hivyo kwenye tangazo. Ikishapokelewa, futa mstari wake kwenye daftari na uandike ulichokipata kando ya ulichokilipa.