SOMO: Machicha ya nyanya yasiende jalalani

Ukishachuja nyanya za sosi, hubaki machicha: maganda, mbegu na nyama kidogo. Wengi huyadharau wakidhani ni maji matupu, kumbe ni chakula cha mifugo. Yakikauka, protini hukaribia asilimia 20 na mafuta hupita 10, hasa kutoka kwenye mbegu. Maganda yana nyuzinyuzi, na likopeni, ile rangi nyekundu, imejaa humo kuliko kwenye nyama.

Hatua ya 1: Kamua siku hiyohiyo. Tia kwenye gunia safi, gandamiza kwa jiwe, maji yachuruzike. Yakilala kwenye ndoo huchacha, na ukungu hauko mbali.

Hatua ya 2: Tandaza juu ya wavu ulioinuliwa, unene usizidi sentimita 2, na ugeuze mara kwa mara. Hapa ndipo wengi huharibu: wakitandaza nene, juu hukauka na chini huvunda. Jua kali hufifisha likopeni, hivyo anayetaka rangi akaushe kivulini penye upepo.

Hatua ya 3: Kunja ganda. Likikatika "ka!" yako tayari, likipinda, bado.

Hatua ya 4: Hifadhi pakavu. Saga ya kutumia karibuni tu, maana mafuta ya mbegu zilizosagwa huharibika upesi.

MASWALI

Mwalimu, kuku wa mayai niwape yenyewe tu?
Hapana ndugu, nyuzinyuzi zitawashinda. Anza na kilo 5 katika kila kilo 100 za chakula, usivuke 10. Kiini kitakolea rangi. Ng'ombe na mbuzi huyamudu zaidi.

Huku kwetu ni mvua tupu, nikaushe vipi?
Tengeneza saileji, yaani malisho mabichi yanayochachushwa bila hewa ili yasioze. Changanya na pumba au nyasi kavu zilizokatwakatwa mpaka ukifinya ngumi maji yasidondoke. Shindilia kwenye pipa, ziba hewa kabisa, fungua baada ya wiki 4 hivi.

Na majani na mashina?
Usiyachanganye. Yana tomatini, sumu kwa mifugo.

Yangu yameota ukungu. Nikiyaanika tena?
Ukungu utakufa, lakini sumukuvu, ile sumu uliyoitoa, itabaki. Usilishe mnyama yeyote, peleka kwenye mboji.

Mboji si itaniotea nyanya shamba zima?
Itaota, tena sana, kama lundo halikupata joto. Changanya na majani makavu, lifike nyuzi 60, na uligeuze ili mbegu za pembeni nazo ziingie katikati.